Uzi wa Nne

Mkasi unaingia kutoka upande wa kulia wa kioo, unanyata hadi kwenye uzi wa kijani na kuukata. Uzi huohuo daktari alikuwa ametoka kuufunga, fundo juu ya fundo, kwa utulivu wa kukera. Sasa anaukata, anauvuta nje kwa koleo, na kazi inaendelea. Hakuna maelezo. Filamu yenyewe haina sauti.

Ni filamu ya ndani ya mwili wa shangazi yangu. Tulipewa kwenye flashi siku ya ruhusa, pamoja na karatasi za kliniki na orodha ya vyakula. Mwenyewe alikataa kuitazama. "Mimi humo nimeshatoka," alisema. "Tazameni nyie wenye moyo."

Nikatazama. Nyuzi tatu za kwanza nilizielewa: kila mmoja ulikutanisha kingo mbili za msuli, na tundu likazidi kupungua. Wa nne ulifungwa, ukakatwa, na uwazi uliokwisha kuzibwa ukaachwa wazi tena.

Kwa nini?

Shangazi alirudi kwake Tanga, akaanza kulalamikia bei ya samaki, na nyumba nzima ikaona mambo yameisha. Mimi nikabaki narudia kipande kilekile cha filamu usiku, watu wakishalala.

Dawa ya vidonda, tena

Sina haja ya kumweleza msomaji wa hapa vidonda vya tumbo ni nini. Kila ukoo una mwenye navyo, na chochote kinachochoma kuanzia kitovuni hadi kooni kinaangukia humo. Shangazi alikuwa navyo kwa miaka. Alimeza omeprazoli, akanywa dawa nyeupe ya chupa, akaacha pilipili, akaacha maharage, akaambiwa aache na mawazo.

Kisichoeleweka kilikuwa damu.

Mwanamke aliyekoma hedhi zamani, hatapiki damu, haoni damu chooni, lakini kila akipimwa damu iko chini. Alikunywa rozela. Alikula matembele na maini, na juisi ya bitiruti iliyotengenezwa na jirani aliyeamini kipimo chake kuliko cha mfamasia. Aliwahi kulazwa akaongezewa damu. Ikapanda, na baada ya miezi ikashuka tena. Wakati huohuo sahani yake ikawa nusu, kisha robo. Akiinama kufua, pumzi inakatika. Akilala chali, chakula kinamrudi kooni, kwa hiyo akajizoesha kulala amekaa, mito miwili mgongoni. Wengine wakasema ni moyo. Wengine wakasema ni utu uzima, na kwa kuwa utu uzima hauna dawa, mazungumzo yakaishia hapo.

Kikohozi ndicho kilichomfikisha kwenye eksirei ya kifua, na eksirei ndiyo iliyomleta Dar es Salaam.

Daktari wa upasuaji alikuwa kijana wa kumzaa. Alianza na shikamoo, kisha akageuza kioo cha kompyuta kituelekee. Mbavu, mapafu, kivuli cha moyo. Nyuma ya kivuli cha moyo palikuwa na duara, na katikati ya duara mstari ulionyooka kabisa.

"Juu ya mstari ni hewa, chini ni maji," alisema. "Hilo ni tumbo, Mama. Mfuko wako wa chakula umepanda kifuani."

Shangazi akajitazama kifuani.

Endoskopi, ile kamera inayopitishwa mdomoni hadi tumboni, ilikuwa imekamilisha habari. Pale mfuko wa chakula ulipobanwa na kingo za kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, palikuwa na michubuko mirefu, na michubuko hiyo ilikuwa ikivuja damu kidogo kidogo, kiasi ambacho hakuna jicho la kukiona chooni. Kila mtu akipumua, kiwambo kinapanda na kushuka, na kila kikipanda na kushuka kinasugua palepale. Vidonge vya madini ya chuma vilikuwa vinajaza kutoka juu huku kunavuja kutoka chini.

Ugonjwa unaitwa ngiri ya kiwambo. Jina hilo lilileta taharuki yake nyumbani, kwa sababu ngiri tunayoijua ni ile ya kwenye mabango ya nguzo za umeme, namba ya simu chini na ahadi za nguvu za kiume. Mjomba mmoja aliuliza kwa sauti ya chini mwanamke anapataje ngiri. Nilimwambia amwulize daktari. Hakumwuliza.

Nguzo mbili za msuli

Kiwambo ni msuli mpana unaokata mwili katikati, kifua juu, tumbo chini. Umio unatoka kooni, unashuka nyuma ya moyo, na hauna njia ya kufika tumboni ila kupita kwenye tundu la kiwambo. Tundu hilo limezungukwa na nguzo mbili za msuli, kulia na kushoto, na utando laini unaoushikilia umio mahali pake. Ukikohoa, ukicheka, ukibeba ndoo, ukijifungua watoto saba (alivyojifungua shangazi), presha ya tumbo inasukuma juu kwenye tundu hilo. Miaka inavyokwenda utando unalegea, nguzo zinaachana.

Kwa watu wengi, zaidi ya tisa katika kila kumi wenye ngiri hii, kinachotokea ni sehemu ya juu ya mfuko kuteleza ikipanda na kushuka. Wanapata kiungulia, au hawapati chochote, na wengi wao hawamhitaji mpasuaji. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2011 ulifuatilia kwa miaka 5 watu wenye ugonjwa wa asidi kupanda kwenye umio: waliobaki kwenye vidonge, asilimia 92 walikuwa shwari, waliopasuliwa, asilimia 85. Ukisikia kiungulia baada ya biriani la harusi, tafadhali usikimbilie kisu.

Shangazi alikuwa kwenye kundi la wachache. Mfuko wake haukuteleza tu, ulikuwa umeviringika na kupanda pembeni ya umio. Hatari ya aina hii ni mfuko kujinyonga: unajisokota, damu haifiki, na hapo ni dharura ya usiku ambayo wengi hawaifikii hospitali mapema.

Kuna jambo linalotuhusu huku kwetu. Denis Burkitt, daktari kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, na ambaye jina lake limebaki kwenye saratani ya taya za watoto, aliandika na mwenzake katika jarida la Lancet mwaka 1973 kwamba ngiri ya kiwambo ni adimu kwa Waafrika wanaokula chakula cha asili. Hoja yake ilikuwa kwamba nafaka isiyokobolewa na mboga hulainisha choo; asiyejikamua chooni hasukumi tumbo lake kifuani. Naiheshimu hoja hiyo, na dona bado naila. Lakini ugonjwa huu unaonekana kwa eksirei yenye dawa ya bariamu au kwa kamera, na vyote viwili mwanakijiji wa wakati ule alivisikia kwa jina tu, kama alivisikia. Shangazi amekula dona, mihogo na mchunga maisha yake yote. Angeishi enzi za Burkitt angehesabiwa mzima.

Swali la shangazi

Daktari alieleza mpango: kuingia kwa matundu madogo, kuushusha mfuko, kulishona tundu, kisha kuuzungushia umio sehemu ya juu ya mfuko ili chakula kisirudi. Alichora nyuma ya bahasha ya eksirei. Mimi nilikuwa natikisa kichwa kwa kila sentensi, kama ilivyo desturi ya ndugu wa mgonjwa.

Shangazi aliiangalia michoro mpaka ikaisha.

"Sasa mwanangu, ukilifunga hilo tundu, chakula kitapita wapi?"

Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka. "Silifungi lote, Mama. Nalipunguza."

"Unalipunguza mpaka wapi?"

"Mpaka inapotosha."

Hapo ndipo mashaka yangu yalipoanza, maana nilikuwa nategemea namba. Sentimita ngapi, milimita ngapi. Tunapima sukari kwa namba, presha kwa namba, hata kitambaa cha suruali kwa namba. Huyu mtu anakwenda kumshona shangazi yangu kandokando ya moyo, halafu kipimo chake ni "inapotosha".

Shangazi aliridhika na jibu. Kilichomsumbua yeye ni kitu kingine: aliambiwa kwamba baada ya hapo huenda asiweze kubeua vizuri, na kutapika kutakuwa kugumu sana. "Kutapika sikutaki," alisema. "Lakini kubeua?" Kwa anayemjua, swali lilikuwa zito. Pilau lake likiisha bila mbeuo, mpishi alikuwa anaitwa kuulizwa amekosea wapi.

Historia ya kulegeza

Nilipoanza kusoma nilikuta kwamba operesheni hii, ukiitazama kwa urefu wake, ni hadithi ya watu waliobana sana wakajifunza kulegeza.

Rudolf Nissen alizaliwa mwaka 1896 katika mji wa Neisse, wakati huo Ujerumani, leo upo Poland. Alikuwa daktari wa upasuaji Berlin, na kwa kuwa alikuwa Myahudi aliondoka mwaka 1933, akaenda Istanbul kufundisha. Huko, katika miaka ya 1930, alimkata kijana mmoja sehemu ya chini ya umio iliyokuwa na kidonda, akaunganisha, na ili kiungo kisivuje akakifunika kwa ukuta wa mfuko wa chakula. Miaka mingi baadaye ilibainika kwamba mgonjwa huyo hasumbuliwi na asidi kabisa.

Nissen aliendelea na safari zake. Marekani, mwaka 1948, alimpasua Albert Einstein aliyekuwa na mshipa mkuu wa damu uliovimba tumboni, akauzungushia selofani, karatasi ya plastiki kwa maneno mengine, ili ujengeke kovu. Einstein aliishi miaka mingine zaidi ya sita. Mwaka 1955, mwaka uleule mshipa huo ulipopasuka na Einstein kufariki, Nissen alikuwa Basel, Uswisi, na alikumbuka lile funiko la Istanbul. Akamfanyia mgonjwa wa asidi: akaushusha umio, akachukua sehemu ya juu ya mfuko, akaipitisha nyuma ya umio na kuirudisha mbele, unavyopitisha mtandio nyuma ya shingo, akaishona. Aliitangaza mwaka 1956.

Ilifanya kazi. Ilifanya kazi kupita kiasi. Mzunguko wa mwanzo ulikuwa mrefu na umebana, na watu walipona kiungulia wakapata taabu nyingine: tonge linakwama, tumbo linajaa hewa isiyo na pa kutokea. Kwa hiyo miongo iliyofuata ikawa ya kulegeza. Mfaransa André Toupet alipendekeza mwaka 1963 mzunguko usiofika mwisho, unaoacha mbele ya umio wazi. Wengine wakaufupisha ule wa Nissen mpaka ukabaki kama sentimita 2, wengine wakaulegeza kwa kuingiza mpira mnene ndani ya umio kwanza, ndipo wakashona juu yake.

Shangazi alipewa wa aina ya Toupet. Kipimo cha nguvu za umio, kile cha kuingiza mrija unaosoma presha ukimeza, hakikufanikiwa, mrija uligoma kupita kwenye ule mkunjo. Bila kipimo hicho daktari hakutaka kuzungusha mduara mzima kwenye umio asioujua una nguvu gani ya kusukuma chakula.

Ndani

Mwaka 1991, Liège, Ubelgiji, Bernard Dallemagne na wenzake walichapisha taarifa za mwanzo za kufanya kazi ya Nissen kwa kamera. Kabla ya hapo ulikuwa unapasuliwa kuanzia chini ya kifua hadi kitovuni, au ubavuni kati ya mbavu, na bado mpasuaji alikuwa anachungulia. Tundu lenyewe liko ndani kabisa, chini ya ini, nyuma ya mbavu, pahali ambapo mkono ukiingia macho hayaingii.

Kamera inafika.

Ndicho kitu cha kwanza nilichokiona kwenye filamu, jinsi palivyo na nafasi. Tumbo limejazwa gesi ya kaboni dayoksaidi, kwa presha isiyozidi milimita 15 za zebaki, na ukuta wa tumbo umeinuka. Kitanda kimeinamishwa miguu chini ili utumbo uteremke. Matundu matano: moja la kamera, mawili ya mikono ya mpasuaji, moja la msaidizi, na moja dogo juu kabisa, ambalo linaingia chuma kilichopinda cha kuinua ini. Ini la shangazi ni zuri, sikuwa nimetegemea. Lina rangi ya zambarau iliyokolea, linang'aa.

Chini yake, pale umio ulipotakiwa kuwa, palikuwa na pango. Mfuko wa chakula unaingia humo na kupotea.

Wanauvuta taratibu. Unatoka, wakiuachia unarudi. Nilidhani kazi ni kuuvuta tu. Kumbe mfuko hauko peke yake kifuani, umejijengea ala ya utando, na ala hiyo isipobanduliwa mfuko utarudi tu. Hapo filamu inakuwa ndefu. Kifaa cha kukata kwa joto kinagusa nyuzi nyeupe laini, kinatoa moshi kidogo, kinasogea. Upande mmoja mapafu yanapanda na kushuka nyuma ya utando mwembamba. Mbele, kitu kinadunda. Nilikaa dakika nzima nikikitazama kinavyodunda ndipo nikaelewa kwamba ni moyo wake.

Kwenye umio wanatafuta neva mbili za vegasi, moja mbele, moja nyuma, na kuziacha salama. Ukizikata, mfuko unasahau kusaga na kumwaga chakula. Wanaendelea kubandua mpaka sentimita 3 hivi za umio zikae tumboni zenyewe bila kuvutwa. Sehemu hiyo ni muhimu kuliko nilivyodhani: ikiwa tumboni, presha ileile ya tumbo inayomsumbua mtu ndiyo inayoibana na kuifunga asidi isipande.

Kisha sindano. Uzi wa kijani, ule usioyeyuka, unapita nguzo ya kulia, unapita nguzo ya kushoto, nyuma ya umio. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.

Wa nne unafungwa. Koleo inasogea, inaingiza ncha yake kati ya umio na msuli, inasita. Inajaribu tena upande wa pili.

Mkasi.

Jibu

Kwenye kliniki ya kwanza baada ya upasuaji niliomba dakika moja, nikamwuliza daktari kuhusu huo uzi. Alionekana kufurahi kwamba mtu ametazama. Nilivyomwelewa, alisema hivi: ncha ya koleo haikupita kwa raha. Angeweza kuuacha, na picha ingekuwa nzuri zaidi.

"Ngiri ikirudi," alisema, "pengine itajulikana baada ya miaka. Umio ukibanwa, Mama atajua kesho yake asubuhi akinywa chai."

Sijawahi kusikia mtu akipima makosa mawili kwa uwazi namna hiyo. Alikuwa hachagui kati ya sahihi na kosa. Alikuwa anachagua kosa gani, likitokea, mwanamke huyu anaweza kuishi nalo.

Kabla ya upasuaji nilikuwa nimesoma habari moja ikaninyima usingizi. Seattle, Marekani, kundi la madaktari likiongozwa na Brant Oelschlager liliwapasua watu 108 wenye ngiri kubwa namna ya shangazi. Kwa kura, nusu walishonwa nyuzi tu, nusu wakaongezewa kiraka, aina ya wavu unaotengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Baada ya miezi 6 ngiri ilikuwa imerudi kwa asilimia 24 ya walioshonwa tu, na asilimia 9 ya waliowekewa kiraka. Mwaka 2006 hiyo ilikuwa habari njema. Wakaendelea kuwafuatilia. Matokeo ya miaka kama 5, yaliyotoka mwaka 2011: asilimia 59 kwa nyuzi, asilimia 54 kwa kiraka. Faida yote imeyeyuka, na zaidi ya nusu ya watu wana ngiri tena kwenye picha.

Zaidi ya nusu! Nilikaribia kumpigia shangazi simu nimwambie tuahirishe. Michango ilikuwa imeshakusanywa kwenye kundi la ukoo, na kuna binamu alikuwa ameanza kuulizia India.

Kilichonizuia ni kusoma mpaka mwisho. Watu haohao, wenye ngiri iliyorudi kwenye picha, walikuwa wanakula, wanalala, hawana shida walizokuja nazo. Waliohitaji kupasuliwa tena walikuwa wachache mno. Kilichorudi mara nyingi kilikuwa kipande kidogo, si mfuko mzima uliojikunja nyuma ya moyo. Usiku ule zilikuwa namba za kunitia moyo kidogo tu. Baada ya jibu la daktari zilinikaa vizuri: picha inapima tundu, na mgonjwa anapima maisha yake, na vipimo hivyo viwili havilazimiki kukubaliana.

Na mashaka ya upande wa pili yapo pia, nisiyafiche. Mwaka 1967 Skinner na Belsey walitoa taarifa ya wagonjwa 21 wa ngiri ya kupanda pembeni ambao hawakupasuliwa. 6 walikufa kwa matatizo ya ngiri yenyewe. Kwa miaka mingi wapasuaji walifuata taarifa hiyo: ukiiona, ikate, hata kama mgonjwa hajisikii chochote. Hadi mwaka 2002, hesabu za kundi lingine Marekani zilipoonyesha kwamba kwa asiye na dalili, au mwenye dalili ndogo, hatari ya kuingia kwenye dharura ni kama asilimia 1 kwa mwaka, na wengi wao heri wasubiri. Kwa hiyo mzee jirani yenu akiambiwa ana ngiri ya kiwambo na anakula vizuri, kutopasuliwa ni jibu halali. Shangazi alikuwa anavuja damu na kukosa pumzi. Kwake mizani haikuwa na utata.

Mtori, kisha mtori

Maumivu aliyoyalalamikia zaidi hayakuwa ya tumbo. Yalikuwa ya bega. Gesi iliyobaki inakereketa kiwambo, na neva ya kiwambo inatokea shingoni, basi ubongo unapokea taarifa kana kwamba bega ndilo lililoumia. Alitupa kazi ya kumsugua bega kwa siku mbili, kisha likaacha lenyewe.

Chakula ndicho kilikuwa mtihani. Maji na supu iliyochujwa, halafu uji, halafu mtori, halafu mtori tena. Mkate hapana, chapati hapana, nyama ya kutafuna hapana, soda hapana kabisa. Ugali ulikuja baada ya wiki kadhaa, laini, tonge la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Siku hiyo tonge lilikwama. Shangazi alisimama, mkono kifuani, macho yamemtoka, nasi tumesimama naye. Likashuka. Daktari alikuwa ametuonya kwamba uvimbe wa ndani huchukua muda na kwamba kukwama kwa namna hiyo ni kwa mpito. Kwa kweli kuliisha, ila kwa mwezi mzima hakuna aliyezungumza mezani akiwa anakula.

Pumzi ilirudi mapema kuliko nilivyotarajia. Mapafu yaliyokuwa yanagawana chumba na mfuko wa chakula yalipata chumba chao. Damu ilichukua muda mrefu zaidi kupanda, na safari hii imepanda ikakaa. Rozela anaendelea kunywa, anasema kwa utamu tu.

Na kubeua? Kunawezekana, kadogo, akikaa wima na kusubiri. Mzunguko usiokamilika umemwachia njia. Hewa nyingine inatafuta njia ya chini, jambo ambalo yeye analitangaza bila aibu na kumsingizia daktari.

Sasa tuna ubishi wa kifamilia. Kaka anataka apigwe picha ya bariamu ukitimia mwaka, tujue kama tundu limeshika. Daktari amesema haoni haja kama hana dalili, ila damu aendelee kupimwa na akianza kukwama au kuishiwa pumzi asisubiri tarehe. Shangazi anasema wanaotaka picha wampeleke studio. Mimi bado naelekea upande wa kaka, kwa udadisi zaidi kuliko kwa sababu ya kitabibu, na nimejizuia kusema hivyo kwenye kundi. Tarehe ya kliniki ni mwezi ujao. Nitamsindikiza, na swali nitakalokwenda nalo ni la ndoo: dada yangu amemkuta ameshika ya lita ishirini kisimani, na alipoulizwa akajibu kwamba ilikuwa nusu.